Jumapili za Nyumba ya Kimea

Vrbovice, 9 Februari 1609

Mdogo wangu Smil,

Huku sote wazima, watu na ng'ombe. Mgonjwa ni kanisa peke yake. Mnara umebaki vilevile ulivyouacha, umeungua hadi mabegani tangu radi ya Agosti, na theluji inaingia ndani bila kubisha hodi. Nakuandikia nikiwa na furaha isiyo na adabu, ile ya mtu aliyempora mwizi, kwa hiyo kaa kitako.

Jumanne iliyopita alifika mjumbe wa ofisi ya Mfalme, amebeba barua yenye mhuri mpana kama kisahani. Anaitwa Bwana Hertvik wa Skalka. Mkatoliki, amefiwa na mke, mrefu, mkavu, na kofia yake ni mbaya kuliko kofia zote nilizowahi kuona kichwani pa mtu mwenye shamba lake. Barua inasema kwamba haki ya kumteua mchungaji wa Vrbovice, haki ambayo babu alimwachia baba na baba akaniachia mimi, sasa inachunguzwa. Kanisa lifungwe, mlango upigwe mhuri wa lakiri, na Mchungaji Havel asionekane kanisani na kikombe chake mpaka ofisi iamue. Nikiivunja lakiri hiyo, haki inakwenda kwa Mfalme papo hapo, naye atatuletea padri wake. Unajua maana yake. Watu hawa wamekunywa divai ya kikombe altareni tangu enzi za babu wa babu zao, na sasa kuna mtu Praha anataka kuwaambia kwamba mkate unawatosha, kikombe waachie mapadri.

Nililia usiku ule, sikufichi. Asubuhi nikajipangusa, nikatoka, nikamwonyesha kanisa kwa kidole. "Lile pale, Bwana. Karibu."

Akaingia. Akatazama juu, akaiona mbingu. Akatazama chini, akawaona kuku wangu. Akaniuliza, "Mnasali humu, Bibi?"

"Hilo ndilo kanisa letu, Bwana, hatuna jingine."

Niambie kama nilisema uongo. Akayeyusha lakiri yake nyekundu, akaupiga mhuri kwenye mlango ambao hata kuku wanapita chini yake, akainama kwa heshima, akaondoka. Nawe unajua tunakosali tangu Oktoba: kwenye nyumba ya kimea, maana ndiyo pekee yenye paa zima na tanuri la kukaushia shayiri. Barua inasema kanisa lifungwe. Aliyeiandika hakuota hata ndotoni kwamba mtu anaweza kusali mahali panapotayarishwa bia.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie mtu. Si rafiki, si kinyozi, si yule msichana wa kuuza soseji. Nakujua, ulimi wako haukupewa mlango.

Dada yako mwenye kucheka peke yake jikoni,
Salomena

*

Praha, 21 Februari 1609

Dada, malkia wa Vrbovice na vidimbwi vyake,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umemweza! Siri yako nimeitumbukiza kisimani na kisima nimekifunika.

Huku ndiko kwenye moto wenyewe. Mabwana wa nchi tumekutana bungeni, na msimamo wetu ni mmoja: kwanza Mfalme atupe hati ya uhuru wa dini, yenye sahihi yake, ndipo tuzungumze habari za kodi. Mfalme hataki. Washauri wake wanampa sababu asubuhi, sisi tunazijibu mchana, na jioni tunaanza upya. Juzi hata mimi nilisimama bungeni nikatoa neno. Watu wote waligeuka kunitazama. (Neno lenyewe lilikuwa "Ndiyo", lakini nililitoa kwa sauti.)

Nilipokuwa nasoma barua yako, nilikuwa kilabuni, na nilicheka hadi jirani yangu wa meza akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni habari za shangazi yetu. Mtu mwungwana sana yule, ana makoti mazuri, akaninunulia bia, tukakaa pamoja mpaka wakatufukuza. Sikumbuki tulizungumza nini, ila alifurahi sana.

Niletee jibini ukipata msafiri.

Ndugu yako na mtumishi wa nchi,
Smil

*

Vrbovice, 15 Machi 1609

Smil,

Shangazi yetu gani? Sisi hatuna shangazi.

Haya, tuyaache. Nina la kulalamika. Huyu Hertvik hakuondoka. Ameagizwa akae mpaka baada ya Pasaka ailinde lakiri yake, basi amepanga kwa msagaji unga, na kila asubuhi anapita kuutazama mlango wa kanisa kana kwamba ni mtoto aliyemwacha amelala. Kisha anapita kwangu kunisalimu. Kila siku, hata mvua ikinyesha. Kofia ile ikilowa inanuka mbwa.

Kwa vile ni Kwaresima na yeye anafunga kwelikweli, si kama wewe, nikampelekea samaki wa bwawani. Nilidhani atashukuru anyamaze. Wapi! Akarudi kuniambia kwamba samaki wangu wana ladha ya matope, na kwamba kabla ya kuwachinja niwaweke siku chache kwenye maji yanayotiririka. Mtu anakuja kuninyang'anya kanisa, halafu ananifundisha kupika. Nikamwambia, "Bwana, kwako hakuna mtu wa kumsumbua?" Akasema, "Hayupo, Bibi," akaenda zake. Nikajuta. Kisha nikawaweka samaki kwenye maji yanayotiririka, na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Ibada inaendelea. Ungeona ungecheka. Unakumbuka shayiri ikishalowekwa inamwagwa sakafuni ichipue, na usipoigeuza mara kwa mara mizizi inashikana, rundo linapata moto na kuoza. Sasa mahubiri ya Mchungaji Havel unayajua. Akianza na Adamu, anataka afike hadi Mitume. Mzee Brikci, fundi wetu wa kimea, anamvumilia hadi katikati, kisha anainuka na koleo lake la mbao, anasema, "Samahani, Baba Mchungaji, kimea kimepata moto," na safu nzima inanyanyuka kugeuza. Havel alikasirika Jumapili mbili. Ya tatu akaagiza wimbo uimbwe wakati wa kugeuza. Sasa watu wanagombea makoleo. Wale ambao baba alikuwa akiwafuata kwa fimbo ili waje kusali, siku hizi wanakuja mapema wapate nafasi karibu na tanuri. Na bia, Smil, bia ya mwaka huu ni tamu ajabu.

Msagaji anasema Hertvik Jumapili anatoka nyumbani kwake na harudi mpaka saa ya chakula. Kanisa la Kikatoliki liko mbali, huenda anakwenda huko. Au anazungukazunguka atukamate. Moyo unanidunda kila ninapoiona kofia ile, na si kwa woga peke yake; ni kwa hasira pia.

Salomena

*

Praha, 26 Machi 1609

Dada,

Nina haraka. Jumapili hii msisali kwenye nyumba ya kimea. Mwambie Havel augue. Ofisi inamtuma karani wake afike huko kukagua, na Hertvik ameamriwa amsindikize. Usiniulize nimejuaje wala wamejuaje. Watu wana midomo. Dunia imeharibika.

Ninampa barua hii mpanda farasi wa kwanza nitakayempata. Ikikufikia, ichome.

Smil

*

Vrbovice, 1 Aprili 1609

Mdogo wangu,

Mto ulifurika, daraja likaenda na maji, barua yako imenifikia jana. Jumapili ilikuwa imeshapita. Nimeshachoka kucheka, sasa nakuandikia nikiwa na akili zangu.

Havel alikuwa amesimama kwenye ngazi ya tanuri, kikombe mkononi, watu wanaanza kujongea kwake. Mara mke wa Brikci aliyekuwa mlangoni akasema, "Kofia inakuja. Na nyingine nyuma yake." Niliona kila kitu kimekwenda, haki ya baba, Havel njiani na mzigo wake mgongoni, watoto wasio na wa kuwabatiza. Nikabaki nimesimama kama nguzo. Brikci ndiye aliyesema, "Geuzeni." Watu wakadaka makoleo, na waliokosa makoleo wakainama na mikono mitupu, na wimbo ukaendelea palepale ulipokuwa.

Karani aliingia, kijana mwembamba, viatu vipya. Akapigwa na mvuke, akafuta macho.

"Wanafanya nini watu wote hawa?"

"Wanageuza kimea, Bwana," akasema Brikci.

"Siku ya Jumapili?"

"Kimea hakijui Jumapili, Bwana."

"Na kuimba?"

"Wasipoimba wanasinzia."

"Na yule kwenye ngazi?"

Brikci akainamia koleo lake. Havel alikuwa amekiinamia kikombe kifuani kama mama aliyebeba mtoto, na hakuwa na pa kwenda. Basi Hertvik akavua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona bila kofia, ana nywele nzuri. Akapita katikati ya watu, akaenda akasimama mbele ya Havel, akampa karani uso na Havel mgongo, na lile koti lake pana likamfunika mchungaji mzima. Akasema, "Huyo anaangalia moto." Akachukua koleo kwa mtoto wa msagaji. "Karani, hapa tukisimama tu tunawapotezea watu kazi. Shika na wewe."

Akageuza. Akageuza safu nzima, Smil, mkono mwepesi, bila kuvunja chipukizi hata moja, na karani nyuma yake anarusha shayiri kwenye viatu vyake vipya. Nilikuwa upande wa pili wa rundo. Nikamwona midomo inatembea. Alikuwa anaimba. Alijua beti zote, na ule wa nne wanaujua wazee tu.

Karani alipokwenda kunawa, nikamfuata nje. Nikamwuliza wimbo wetu ameujulia wapi. Akaona haya. Akaniambia kwamba tangu Februari kila Jumapili husimama nyuma ya nyumba ya kimea, pale ukuta unapopata joto la tanuri, na anasikiliza. Mkewe alikuwa mtu wa kikombe. Miaka yao yote alimsindikiza hadi mlango wa kanisa lake, naye mke akamsindikiza hadi mlango wa lake, kisha wakarudi nyumbani kula. "Sijaona bado ubaya wake uko wapi," akasema.

Yaani alijua! Tangu siku ile anawatazama kuku wangu, alijua. Mimi naringa nimemdanganya, kumbe yeye ndiye aliyekubali kudanganywa. Nimeona aibu na nimefurahi, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

Taarifa yake kwa ofisi alinisomea kabla ya kuifunga. Sikiliza: "Nimeikagua lakiri ya kanisa la Vrbovice, haijaguswa. Nimeikagua nyumba ya kimea. Nimekuta watu wengi wakigeuza kimea. Nimeshiriki kazi hiyo mimi mwenyewe pamoja na karani, na ninashuhudia kwamba sijapata kuona kimea kilichotunzwa vizuri zaidi." Karani akatia sahihi. Angekataa vipi, na shayiri bado imo ndani ya soksi zake?

Sasa swali dogo. Habari za nyumba ya kimea zilijulikana Vrbovice tu, na huku hakuna anayekwenda Praha. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni nani mwingine aliyejua, Smil?

Dada yako anayesubiri jibu,
Salomena

*

Praha, 10 Mei 1609

Dada mpenzi,

Nimekusikia, na swali lako nitalijibu mwishoni mwa barua hii, kwa kirefu.

Kwanza habari kubwa. Mfalme alilivunja bunge. Sisi tukakutana hivyo hivyo, bila ruhusa yake, mabwana na wapiganaji na watu wa miji, ukumbi umejaa hadi madirishani. Tumechagua wakuu wa kusimamia mambo yetu, na tunaandikisha askari. Hapana, usishtuke. Hakuna anayetaka kupigana. Tunataka tu Mfalme atuone tumesimama pamoja. Na mimi nimepewa chapeo ya chuma, ila ni kubwa, nikigeuza kichwa yenyewe inabaki ikitazama mbele. Nakwambia, sijawahi kuwa na furaha namna hii. Watu ambao zamani hawakusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba sasa wanakula sahani moja.

Taarifa ya Hertvik imekuwa hadithi ya Praha nzima. Makarani waliinakili kwa siri, sasa kila kilabu kinaisoma. Mtu akiulizwa alikuwa wapi, anajibu, "Nilikuwa nageuza kimea." Ofisi nayo imesikia kicheko. Karani wamemhamisha. Hertvik wamemfukuza kazi, na ameambiwa ashukuru kwamba ni hilo tu. Lakiri yenu haina mlinzi tena, lakini amri bado iko palepale, kwa hiyo msiiguse. Mpaka Mfalme atie sahihi, kanisa bado limefungwa.

Ama kuhusu swali lako, ukweli ni kwamba karatasi imefika mwisho na

*

Vrbovice, 2 Juni 1609

Smil,

Karatasi haikufika mwisho. Imebaki nafasi ya kutosha kuandika Zaburi.

Huku joto limeanza, kimea hakitengenezwi tena mpaka vuli. Tunasali mlemle, sakafu tupu. Watu wanasema wameyakosa makoleo. Hertvik aliondoka bila kelele, alipita asubuhi kuaga. Nilikuwa na unga hadi viwikoni. Akasema, "Basi, Bibi, kwa heri," nami nikasema, "Kwa heri, Bwana," na nikaendelea kukanda mkate kama mtu asiye na mama. Mkate wenyewe ulikuwa mgumu, tuliwapa nguruwe.

Je, yuko Praha? Umemwona? Nauliza kwa sababu alisahau glavu moja. Si kitu, ni glavu tu. Kama yuko Praha niambie. Kama hayuko pia niambie. Skalka ni mbali?

S.

*

Skalka, 8 Julai 1609

Kwa Bwana Smil wa Vrbovice, aliyeko Praha.

Bwana, hatujuani, ingawa mimi nakujua kidogo. Mtu mwenye makoti mazuri aliyekununulia bia kilabuni mwezi wa Februari ni wa ofisi yetu. Nilisoma maandishi yake. Sikuandiki kukulaumu. Kama si ulimi wako, nisingepata sababu ya kuingia kwenye nyumba ile ya kimea, ningebaki nimesimama nje ya ukuta hadi Pasaka. Nakushukuru.

Mimi nina nyumba ya mawe inayovuja mahali pamoja, ninapopajua, na mabwawa matatu ya samaki. Kazi sina. Nakuomba dada yako, Bibi Salomena, awe mke wangu.

Najua kikwazo. Kwa sheria yetu mwanamke akiolewa, mume ndiye anayeamua mambo ya nyumba yake, pamoja na haki ya kuteua mchungaji. Mimi ni Mkatoliki na nitakufa Mkatoliki. Nikibadili dini ili nipate mke, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kunidharau. Lakini niko tayari kuandika na kupiga mhuri kwamba haki hiyo sitaigusa maisha yangu yote.

Nangoja jibu lako kwa adabu, na kwa wasiwasi.

Hertvik wa Skalka

*

Praha, 13 Julai 1609

Dada!

Ametia sahihi. Alhamisi. Nilikuwa uani nilipopata habari, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuurusha juu ule upuuzi wa chapeo, ukamwangukia bwana mmoja mzito wa Moravia, naye badala ya kunipiga akanikumbatia. Kengele zote za jiji zinalia tangu siku ile. Hati inasema hakuna mtu, bwana wala mkulima, atakayelazimishwa kuacha imani yake na kwenda nyingine. Hakuna, Salomena! Kanisa letu ni letu. Vunja lakiri. Mpe Brikci nyundo, avunje yeye, anastahili.

Ndani ya barua hii utakuta nyingine, kutoka Skalka. Mistari ya mwanzo imemwagikiwa na wino, ajali ya kawaida, haina maana, anza kusoma kwenye nyumba inayovuja.

Umesoma? Kaa chini. Sasa kwa mara ya kwanza nitasema na wewe kama mtu mzima. Namwamini huyu bwana. Lakini mume anaweza kuahidi kwa maisha yake tu. Nimeulizia: mrithi wake ni mpwa wake, mtu wa wale mapadri Wajesuiti, mkali kama siki. Hertvik akifa kabla yako, mpwa atadai nyumba na haki pamoja, na ahadi itakuwa karatasi. Tumesimama na silaha dhidi ya Mfalme kwa ajili ya haki hii, halafu tuipoteze harusini? Ukimkubali, unahatarisha kanisa. Ukimkataa, najua utakanda mikate migumu hadi uzeeni. Ningekuwa na shauri ningekupa.

Ungeweza kunihamishia mimi hiyo haki. Lakini tusidanganyane. Ningemteua mchungaji yeyote atakayeninunulia bia.

Ndugu yako anayekupenda kuliko anavyostahili,
Smil

*

Vrbovice, 3 Agosti 1609

Mdogo wangu,

Wino ule niliuweka kwenye jua nikausoma. Nimekusamehe. Usirudie.

Nilikaa na barua zenu mbili karibu wiki mbili nzima, sina usingizi, sina hamu ya kula. Nilikuwa nikipima upande huu Hertvik, upande huu haki ya baba, na nilikuwa nalia kwa zamu. Alhamisi iliyopita nilikwenda kwa Brikci kumwambia kwamba nimeamua kumkataa bwana wa Skalka, ili wao wasipoteze mchungaji wao. Nilitegemea atanishukuru. Akaendelea kuchonga mpini wake. Akaniuliza, "Bibi, na wewe ukifa, sisi tutateuliwa mchungaji na nani?"

Nikamwambia mwanangu, nikipata. Au Smil.

"Smil," akasema. Akaupuliza mpini wake.

Nikarudi nyumbani njia nzima nikiwa na hasira naye, na nilipofika mlangoni hasira ikanigeukia mimi. Tangu Februari nimemlaani mtu wa Praha anayetaka kuwachagulia watu wangu wa kuwaongoza kusali. Na mimi je? Mimi nawachagulia. Nawapenda, ndiyo, nawajua kwa majina, na bado hawajawahi kuulizwa. Baba hakuwauliza, babu hakuwauliza. Bahati yao tu kwamba nampenda Havel.

Nikaandika hati, Smil. Nikapiga mhuri wetu. Haki ya kumteua mchungaji wa Vrbovice nimewapa watu wa Vrbovice, wao na watoto wao, na hakuna mume, mpwa wala ndugu atakayeirithi kwangu kwa sababu sina tena. Najua utapiga kelele. Najua baba anageuka kaburini. Nilikwenda kumwambia yeye mwenyewe pale kaburini, sikusikia pingamizi.

Jana baada ya ibada, kanisani kwenyewe, maana Brikci ameshaivunja lakiri, katika ua wenye kisima chini ya mbingu, walichagua kwa mara ya kwanza. Anayemtaka Havel asimame upande wa kisima, asiyemtaka upande wa lango. Havel alisimama katikati, maskini. Walimhoji! Mke wa msagaji alimwambia hadharani, "Mama yangu ulimzika kwa haraka." Akaomba radhi. Mjane wa mfinyanzi akataka kujua kama atawafundisha na wasichana kusoma. Akasema ndiyo. Ndipo wakaanza kusogea, wengi upande wa kisima, wachache upande wa lango, na wale wachache walisimama hawana woga, wananitazama machoni, na mimi moyoni nikawapenda zaidi kuliko siku zote.

Nilikwenda kisimani nikasimama. Hakuna aliyenipisha. Mtoto alinikanyaga mguu, na Brikci alipokuwa akihesabu akaniwekea kidole kichwani kama alivyowafanyia wengine wote, akasema namba, akapita kwa anayefuata.

Hertvik alikuwa nje ya ukuta, maana si mtu wa kikombe na hapigi kura hapa. Nilimwandikia aje kuchukua glavu yake. Nilipotoka macho mekundu, akadhani mambo yameharibika, akaanza kunipa pole. Nikamwambia sina tena haki yoyote ya kumletea mume, nina mabwawa, nyumba na deni la paa la kanisa. Nikamwambia pia kwamba kumwandikia ndugu yangu badala ya kuniuliza mimi ni utovu wa adabu, na kwamba watu wa Vrbovice siku hizi huulizwa wenyewe.

Basi akaniuliza.

Harusi ni mwezi ujao. Njoo mapema, uje na viatu vya kuchezea, na uwe tayari: watakuuliza na wewe maswali.

Dada yako,
Salomena